Kufufua Injini ya Gari Kuukuu Nyumbani

Gari kuukuu halifi kwa siku moja. Kwanza hutoa moshi wa buluu asubuhi, kisha huanza kula oili, halafu hushindwa kupanda kilima ambacho mwaka uliopita lilikipanda pasipo kubadilishwa gia. Hatimaye mwenye gari husimama kando ya barabara akijiuliza: Je, niifumue injini hii na kuitengeneza upya, au niiondoe nitie nyingine? Swali hilo ni la fedha za nyumba kama lilivyo la ufundi, kwani jibu lililokosewa huweza kumeza ada za watoto na akiba ya miezi mingi.

Katika makala haya tutalieleza jambo hilo kwa mfano wa gari moja, yaani Volkswagen ya zamani, ile yenye mgongo kama wa kobe. Injini yake hukaa nyuma, haina rejeta wala maji, nayo hufungwa kwenye giaboksi kwa bolti nne tu. Watu wawili waangalifu waweza kuitoa uani bila winchi. Tena silinda zake nne zimetengana, hata fundi wa nyumbani aweza kuzibadilisha pamoja na pistoni zake pasipo kuzipeleka kuchongwa.

GARI LENYE HISTORIA

Magari hayo yalianza kutengenezwa kwa wingi mjini Wolfsburg, Ujerumani, mwishoni mwa mwaka 1945, wakati kiwanda kilipokuwa chini ya usimamizi wa ofisa wa jeshi la Uingereza, Meja Ivan Hirst. Wateja wa kwanza walikuwa majeshi yaliyoikalia nchi hiyo baada ya vita. Katika Afrika ya Mashariki gari hili lilijipatia sifa mwaka 1962, pale Tommy Fjastad na mwenzake Bernhard Schmider walipoyashinda mashindano ya Safari kwa Volkswagen 1200. Gari la mwisho la aina hiyo lilitoka kiwandani Puebla, nchini Mexico, tarehe 30 Julai 2003, likiwa la 21,529,464. Kwa kuwa yalitengenezwa mengi kiasi hicho, vipuri vyake vingali vikiundwa na kuuzwa.

TAMBUA UGONJWA KWANZA

Watu wengi hununua vipuri kabla ya kujua kilichoharibika. Huko ni kununua dawa kabla ya kumwona mganga. Ziko njia tatu za kuipima injini ingali ndani ya gari.

Ya kwanza ni kupima mgandamizo wa hewa katika kila silinda, plagi zote zikiwa zimetolewa. Silinda moja ikiwa dhaifu kuliko wenzake, tia kijiko cha oili katika tundu la plagi, upime tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimechakaa. Kisipopanda, shuku valvu.

Ya pili ni kushika puli ya mkanda wa feni kwa mikono miwili, uisukume ndani na kuivuta nje. Kwa njia hiyo utaujua mchezo wa krenkshafti, yaani ule mhimili uliopinda unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko. Mchezo unaofaa ni kati ya milimita 0.07 na 0.13, na haufai kuzidi 0.15. Karatasi ya daftari ina unene wa kama milimita 0.10, basi ukisikia mgongano wa wazi mkononi, beringi au kasha lenyewe limeliwa.

Ya tatu ni kuitazama oili. Ukiimwaga na kukuta chembe za chuma zinazong'aa katika chujio, usiendelee kuliendesha gari hilo hata kwa safari ya sokoni.

KUFUFUA AU KUBADILI?

Uamuzi wote unategemea kasha la injini. Silinda, pistoni, ringi, valvu na beringi hubadilishwa. Lakini kasha lenye ufa, au ambalo makalio ya beringi zake yamepanuka sana, huweza kugharimu zaidi ya injini nzima iliyokwisha kutumika. Kasha likiwa zima, fufua. Kasha likiwa limekufa, badili.

Mwenye kubadili ana mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, namba. Namba ya injini imepigwa kwenye kasha, chini ya kiti cha dainamo, na katika nchi zetu namba hiyo huandikwa pia katika kadi ya gari. Injini isiyo na hati ya mauzo, au yenye namba iliyokwaruzwa, iache hapo hapo ulipoiona hata ikiwa bei yake ni ya bure. Yawezekana ni mali ya mtu mwingine. Ukiisha kununua iliyo halali, peleka habari kwa ofisi ya usajili ili kadi irekebishwe, kwani askari wa barabarani atakapolinganisha namba hatakuwa na njia ya kuujua uaminifu wako.

Pili, umeme. Magari ya kale ya aina hii yalitumia volti 6, na yaliyofuata yakatumia volti 12. Flaiwili ya volti 6 ina meno 109, na ya volti 12 ina meno 130, nayo ni pana zaidi. Ukiifunga injini mpya kwenye giaboksi ya kale bila kubadili flaiwili, meno hukwaruza ndani ya giaboksi na stata ya zamani haishikani nayo ipasavyo. Hesabu meno kabla ya kulipa.

Tatu, breki. Injini ya 1200 ilikuwa na nguvu ya farasi 34, na ile ya 1600 ya miaka ya 1970 ilifikia 50. Anayeongeza mwendo bila kuzikagua breki, mipira yake na matairi hajalitengeneza gari, bali amelitayarisha kwa ajali.

KUITOA INJINI

Ondoa waya wa betri kabla ya yote, umwage oili, kisha uubane na kuuziba mpira wa petroli. Vua waya za umeme, waya wa kabureta na nyaya za joto, huku ukibandika kipande cha karatasi chenye namba kwenye kila moja. Bolti za kila sehemu zitiwe katika kopo lake na kuandikwa jina. Kazi hii ya kuandika yaweza kufanywa na mtoto wa shule, naye atajifunza mengi.

Injini ina uzito wa kilo mia moja hivi, nayo yapasa kuegemezwa juu ya jeki yenye ubao kabla ya kufungua bolti za mwisho. Ivute nyuma kwa unyofu mpaka mhimili wa giaboksi utoke katika klachi, ndipo uishushe. Usiiache ining'inie juu ya mhimili huo, kwani utaipinda klachi. Tena mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Liegemezwe juu ya magogo imara au stendi za chuma.

Kasha la injini hii limetengenezwa kwa madini ya magnesi, ambayo yakishika moto huwaka kwa ukali, na maji huuzidisha moto huo. Kwa hiyo weka mchanga mkavu au kizimamoto cha unga karibu, usioshe vyuma kwa petroli, na jiko la mkaa likae mbali na mahali pa kazi.

KAZI YA NYUMBANI NA KAZI YA KARAKANA

Kufungua, kusafisha, kupima na kuunganisha ni kazi za nyumbani. Kusaga krenkshafti, kuchonga makalio ya beringi na kukata viti vya valvu ni kazi za karakana yenye mashine. Asiyekubali mpaka huo atalipa mara mbili. Vilevile, mwombe fundi wa karakana akague hedi zote mbili, hasa kati ya kiti cha valvu moja na kingine, maana hapo ndipo nyufa hupenda kuanzia.

Unapoyatenganisha mapande mawili ya kasha, usichokoe kwa bisibisi. Nyuso zake hukutana bila gasketi, na mkwaruzo mmoja huleta uvujaji wa maisha. Gonga polepole kwa nyundo ya mpira au kipande cha mti.

KUIUNGANISHA

Hapa ndipo penye siri ya kazi yote: kila unapofunga sehemu moja, zungusha krenkshafti kwa mkono. Ikiwa ilizunguka kwa wepesi kabla ya kukaza nati na sasa imekuwa nzito, usilazimishe. Pengine beringi haikukaa kwenye pini yake. Fungua sasa, kwa kuwa leo utapoteza saa moja, lakini kesho utapoteza injini.

Nukta iliyo kwenye gia ya kamshafti ikae katikati ya nukta mbili za gia ya krenkshafti. Mishale iliyo juu ya pistoni ielekee upande wa flaiwili. Mianya ya ringi isipangwe mstari mmoja. Nati za hedi zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, wala si moja hadi mwisho kabla ya nyingine.

Nati kubwa ya flaiwili, yenye upana wa milimita 36, huhitaji mkazo wa kilo 35 kwa mkono wa mita moja. Asiye na spana ya kupimia mkazo atumie hesabu: mtu wa kilo 70 akiukanyaga mtaimbo uliolala sawa, nusu mita kutoka katikati ya nati, atatoa mkazo huo huo. Kabla ya kuikaza, panga wosha tatu za kurekebisha mchezo wa krenkshafti hadi upate kile kipimo tulichokitaja juu.

Mabati yote yanayoizunguka injini yarudishwe. Wengine huyatupa wakidhani ni mapambo, kumbe ndiyo yanayoupeleka upepo wa feni kwenye silinda. Silinda ya tatu ndiyo iliyo hatarini zaidi, kwa kuwa katika injini za kabla ya miaka ya 1970 kipozea oili kilikaa mbele yake na kuizuilia upepo.

KUWASHA KWA MARA YA KWANZA

Tia oili lita mbili na nusu. Valvu ziwe na nafasi ya milimita 0.15 injini ikiwa baridi, kwa injini za 1300 hadi 1600. Waya za plagi zifuate mpango wa 1, 4, 3, 2. Kwanza izungushe kwa stata plagi zikiwa nje, hadi taa ya oili izimike. Ndipo urudishe plagi na kuwasha. Fanya hivyo mahali pa wazi, kwani moshi wa injini ndani ya chumba kilichofungwa huua bila kunusika. Baada ya kilomita 500 za mwendo wa upole, badilisha oili na upime valvu tena.

Tangu hapo, mwenye gari akumbuke kwamba injini hii haikuwekewa filta ya oili, ila chujio tu. Oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, na mapema zaidi kwenye vumbi. Taa nyekundu ya dainamo ikiwaka barabarani, simama papo hapo: huenda mkanda umekatika, na mkanda huo ndio unaoizungusha feni. Kila mwezi kagua mpira wa petroli, na ukiuona umepasuka au kukauka, ubadilishe siku hiyo hiyo.

Basi mwenye kuianza kazi hii na anunue kwanza daftari na vipimo, vipuri vifuate. Aandike kila kipimo alichokipata na kila shilingi aliyoitoa. Gari litakapofika zamu ya kuuzwa au kurithishwa, daftari hilo litamwonyesha mwenye kulipokea kazi iliyofanyika, na litamwambia pa kuanzia siku injini itakapochoka tena.