Mtoto akikatwa mguu, goti ndilo la kulindwa

WAHENGA walinena kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Kwa mtoto mdogo aliyekatwa mguu chini ya goti, methali hii ni onyo. Goti lake lingali bichi, na lisipoangaliwa hujikunja lenyewe na kukazana likiwa limepinda. Siku mguu bandia utakapoletwa, utakosa pa kukaa.

Watoto hukatwa miguu kwa sababu nyingi: ajali za barabarani, kuumwa na nyoka, moto, saratani ya mfupa, au mfupa kuingia usaha. Wengine huzaliwa wakiwa na upungufu wa mfupa, na madaktari huona afadhali sehemu ya chini iondolewe. Liwalo lote, mtoto aliyebakishiwa goti lake amebakishiwa hazina. Goti ndilo humwezesha kupanda ngazi, kuinuka anapoanguka na kutembea bila kuchoka upesi. Isitoshe, mguu hurefukia hapo zaidi. Ncha ya chini ya mfupa wa paja, iliyo gotini, huchangia kama asilimia 70 ya urefu wa mfupa huo mtoto anapokua.

Ndiyo maana wazazi wengi huuliza: je, goti hili lifungwe kitu gani? Jibu hutegemea mtoto amefikia hatua gani na goti lenyewe lina nguvu kiasi gani. La muhimu ni kukumbuka kwamba kifaa kikubwa si lazima kiwe ndicho bora. Kinachofaa ni kile kinacholipa goti msaada linaohitaji, na kuliacha lifanye kazi iliyobaki lenyewe.

Siku za kwanza

Baada ya upasuaji, kazi ya kwanza ni kulinyoosha goti. Mara nyingi hospitali hutumia plasta ngumu inayopita juu ya goti. Plasta hiyo hupunguza uvimbe, hulinda kidonda, na humkinga mtoto ambaye, kwa utoto wake, atasahau na kujaribu kusimama kwa mguu usiokuwepo.

Plasta ikishatolewa, kuna banzi la kitambaa. Hili ni turubai au kitambaa kigumu kilichotiwa vibao vya plastiki au bati kwa nyuma, na kufungwa kwa mikanda kuanzia pajani hadi kwenye kigutu. Aghalabu huvaliwa usiku na wakati wa kupumzika. Mchana hufunguliwa ili mtoto akunje na kunyoosha goti, na ili ngozi ioshwe na kukaguliwa. Banzi lisilofunguliwa kamwe hulifanya goti kuwa gumu kama kigogo, na hiyo pia ni hasara.

Hapa ndipo huruma ya mzazi inapoweza kuleta madhara. Mama humwonea mtoto uchungu, akamwekea mto chini ya goti ili apate kulala vyema. Mto huo ndio unaofundisha goti kukunjika. Mlaze mtoto goti likiwa limenyooka, na mara kadhaa kwa siku mwache acheze akiwa amelala kifudifudi. Akikaa kitini kwa muda mrefu, kigutu kisining'inie. Kiegemezwe kwenye ubao ulionyooka.

Ikiwa goti limekwisha kukunjika kidogo, usikate tamaa. Wataalamu huweza kulinyoosha polepole kwa mazoezi na kwa plasta zinazobadilishwa moja baada ya nyingine. Lakini kadiri mnavyochelewa ndivyo kazi inavyozidi kuwa ngumu, na huenda ikahitajika operesheni.

Mguu bandia unapoanza

Mtoto mchanga aliye na upungufu wa mguu anaweza kupewa mguu bandia anapoanza kujishikilia na kusimama, yaani karibu na umri wa miezi tisa hadi mwaka mmoja. Hapo swali hubadilika. Sasa kifaa cha gotini ni cha kuushika mguu bandia usichopoke, na pengine kulizuia goti lisiyumbe.

Kifaa rahisi zaidi ni mkanda unaozunguka paja juu tu ya pia ya goti. Ni mwepesi, bei yake si kubwa, huweza kulegezwa mtoto anaponenepa, na goti hukunjika bila shida. Kwa watoto wadogo sana, ambao mapaja yao manono hayana pa kushika, fundi huongeza mkanda wa kiunoni wenye mpira unaovutika. Lakini mikanda hii hailizuii goti linaloyumba kando.

Njia ya pili ni kukipandisha kikombe cha mguu bandia ili kingo zake zikumbatie mifupa ya pande mbili za goti. Hufaa mtoto mwenye kigutu kifupi, na husaidia kiasi dhidi ya kuyumba. Kasoro yake ni kwamba huanza kubana mapema mtoto anapokua.

Tatu, kuna soksi ya mpira au silikoni inayovutwa kutoka kwenye mguu bandia hadi pajani. Hushika vizuri sana. Lakini kwa mtoto wa Mombasa au Lodwar, joto na jasho ndani yake ni jambo la kuzingatiwa, na mtoto anayecheza akipiga magoti huitoboa upesi.

Goti dhaifu

Kwa goti lililolegea kano, au kigutu kifupi mno kisichoweza kubeba uzito, kuna kifaa cha kale. Ni vyuma viwili vyenye bawaba, kimoja kila upande wa goti, vilivyoshikishwa kwenye ngozi inayofungwa pajani kwa kamba kama kiatu. Mpasuaji wa Uholanzi, Pieter Verduyn, aliutangaza mguu bandia wa namna hiyo mwaka wa 1696. Ulitumiwa sana hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wataalamu wa Berkeley, Marekani, walipobuni kikombe kinachobeba uzito kwenye kano iliyo chini ya pia ya goti. Tangu hapo wengi hutembea bila vyuma hivyo.

Hata hivyo havijaachwa. Mtoto aliyezaliwa bila mfupa mwembamba wa muundi, kwa mfano, huweza kuwa na goti linaloingia ndani na kukosa kano muhimu. Vyuma humsaidia kusimama imara. Ila ni vizito, na misuli ya paja hupungua ikibanwa daima. Bawaba zisipolingana na goti, ngozi hupanda na kushuka ikimchubua. Basi mzazi asividai kwa kuwa vinaonekana vya nguvu, wala asivikatae ikiwa mtaalamu ameonyesha haja yake.

Jihadhari pia na mifuko ya goti ya wanamichezo inayouzwa madukani. Haikutengenezwa kwa kazi hii.

Mtoto hukua

Mguu bandia wa mtoto si wa kununuliwa mara moja. Hadi umri wa miaka mitano huhitaji kubadilishwa karibu kila mwaka, kisha yapata kila miaka miwili hadi afikapo 12. Mfupa uliokatwa katikati nao huweza kuota ncha ikasukuma ngozi. Mtoto aliyekuwa akikimbia akianza kuukataa mguu wake, usimchape. Mvue, utazame. Wekundu usiotoka kwa dakika kumi hivi, lengelenge, au ncha ngumu chini ya ngozi ni sababu ya kumrudisha hospitalini.

Msaada upo. Chama cha APDK kimewahudumia walemavu nchini tangu 1958, na hospitali za Kikuyu na Kijabe zina wataalamu wa viungo. Mafundi wengi wa eneo hili wamefunzwa katika chuo cha TATCOT mjini Moshi, Tanzania, kilichoanzishwa 1981. Mwandikishe mtoto pia katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo husaidia kupata vifaa.

Unapokwenda kwa fundi, muulize: goti la mwanangu linanyooka kabisa? Linayumba? Kifaa hiki ni cha kushika mguu au cha kusaidia goti? Kitaweza kurekebishwa akikua, na nani atakirekebisha karibu na kwetu? Na muhimu zaidi, ni saa ngapi kwa siku nikivue ili goti lifanye kazi yake?