Kadi Haijafa, Iulize Namba

Laptopu nyingi za mtumba ninazoletewa hapa Kariakoo zimeshazidiwa na Windows mpya, kwa hiyo naziwekea Linux. Zinawaka upesi, skrini safi, sauti ipo. Baada ya siku chache mwenyewe anarudi amenuna: "Fundi, umeniulia kadi ya Wi-Fi."

Kadi huwa nzima. Kinachokosekana ni kimoja kati ya viwili. Kuna draiva, programu inayokaa kwenye keneli, yaani kiini cha Linux, na kazi yake ni kuiamrisha kadi. Halafu kuna fimwea, faili dogo ambalo draiva hulipakia ndani ya kadi yenyewe kila kompyuta inapowashwa. Intel huruhusu fimwea zake zigawiwe bure, ndiyo maana kadi zake hushika mtandao bila mtu kuhangaika. Broadcom hawakuwa wakarimu hivyo. Wajitolea walilazimika kuzichunguza draiva za Broadcom wenyewe mpaka wakaelewa kadi inavyofanya kazi, wakaandika ya kwao, b43. Fimwea yenyewe hawakuwa na ruhusa ya kuigawa. Mwaka 2010 Broadcom walitoa draiva ya wazi, ila kwa kadi mpya za wakati huo. Za nyuma yake, ambazo ndizo zinazotufikia sisi wa mitumba, hazikuguswa.

Kabla ya yote fungua dirisha la amri (terminal), andika rfkill list. Ukiona "Hard blocked: yes", tafuta swichi ubavuni mwa laptopu au kitufe cha Wi-Fi kwenye kibodi, pengine mtoto kakibonyeza, na kazi imeishia hapo. Kama si hivyo, andika lspci -nn, utafute mstari wenye neno Network. Mwishoni mwake kuna namba ndani ya mabano, mfano 14e4:4315. Nusu ya kwanza inamtaja mtengenezaji: 14e4 ni Broadcom, 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek. Nusu ya pili ndiyo kadi yenyewe. Tafuta msaada kwa namba hiyo nzima, achana na jina lililoandikwa kwenye kava. Kisha sudo dmesg itakuonyesha kama draiva imeamka na inalalamika kwamba faili la fimwea halipo.

Kwa kadi hiyo ya 4315, kwenye Debian, mojawapo ya aina za Linux, dawa ni kifurushi kiitwacho firmware-b43-installer. Hapa ndipo wanaoanza hukata tamaa, kwa sababu kifurushi hicho kinalifuata faili mtandaoni, na mtandao ndio hauna! Hata Debian 12 ya mwaka 2023, iliyoanza kuja na fimwea nyingi ndani ya kisakinishi chake, hiyo ya b43 haimo.

Chukua simu yako ya Android na waya wa kuchajia, ile aina inayopitisha data. Ichomeke kwenye laptopu, ingia kwenye mipangilio ya simu, washa kushiriki intaneti kwa USB. Linux itaiona simu kama kadi ya waya, mara nyingi bila kuuliza chochote. Faili lenyewe halili bando kubwa. Kinachomaliza bando ni mfumo kuanza kujisasisha, kwa hiyo ukiulizwa, kataa kwanza. Sakinisha kifurushi kile, zima, washa tena.

Wengine hawana subira, wanakimbilia kununua kadi ndogo ya USB. Sawa, ila zipo za Realtek zinazojitambulisha kwanza kama kiendeshi cha CD chenye draiva za Windows, mpaka programu ya usb_modeswitch izigeuze ndipo ziwe kadi. Baadhi zilipata draiva ndani ya keneli kuanzia toleo la 6.2, Februari 2023. Lako utaliona kwa uname -r. Nenda dukani na laptopu yako, chomeka, andika lsusb, soma namba kabla hujatoa hela. Muuzaji akigoma kukufungulia pakiti, duka la pili haliko mbali.