Mkulima wa pamba na hesabu ya bomba la betri

EKARI moja ya pamba kwa macho ni kipande kidogo tu, hatua 70 kwa 70. Lakini kwa mkulima wa Mhunze, wilayani Kishapu, aliyepanda kwa nafasi ya sentimita 60 kati ya mistari, ekari hiyo ina mistari zaidi ya 100. Akipita mstari mmoja mmoja akipiga dawa, hadi anamaliza atakuwa ametembea zaidi ya kilomita 6, na mgongoni amebeba bomba ambalo likijaa lina lita 16 za maji.

Safari hiyo yote mkono wake mmoja unapandisha na kushusha mpini wa bomba, na mwingine unaelekeza dawa kwenye majani. Mwenye ekari tatu anamaliza siku akiwa hoi, na mara nyingi ekari ya mwisho hubaki kwa kesho au keshokutwa.

Kuchelewa huko ndiko kunakogharimu. Adui mkubwa wa pamba, funza wa vitumba, huuawa kwa urahisi akiwa bado mdogo na yuko nje. Akishatoboa kitumba na kuingia ndani, dawa haimfikii tena. Mkulima anayechelewa anapuliza majani huku funza akila mavuno.

Kwa sababu hiyo, wakulima wengi wanafikiria kuachana na bomba la mkono na kununua la betri. Swali ni je, fedha hiyo itarudi?

Tofauti iko wapi

Katika bomba la mkono, nguvu ya kusukuma dawa inatoka kwenye bega la mkulima. Asubuhi bega lina nguvu, na dawa inatoka kama ukungu mwembamba unaoenea vizuri kwenye majani. Kadiri anavyochoka, presha inashuka, matone yanakuwa makubwa na mengi yanadondoka chini. Hivyo mstari wa kwanza na wa mwisho haupati dawa sawa, ingawa chupa ni ile ile.

Bomba la betri lina pampu ndogo inayoendeshwa na mota, na swichi ya presha. Mkulima akibana kishikio, pampu inasukuma. Akiachia, presha inapanda na swichi inazima mota yenyewe. Maadamu betri ina chaji, mstari wa mwisho unapata dawa kama wa kwanza.

Ikumbukwe kwamba betri haimpunguzii mkulima kilomita hata moja. Mizigo ya maji na mwendo ni vile vile. Anachookoa ni uchovu wa bega na mapumziko ya mara kwa mara, na hapo ndipo anapopata nafasi ya kumaliza shamba asubuhi kabla ya upepo na jua kali.

Somo la betri za tochi

Betri si ngeni katika pamba ya Kanda ya Ziwa. Katika miaka ya 1970 yaliingia mabomba ya ULV, yenye kisahani kilichozungushwa na mota ndogo kwa nguvu ya betri za tochi. Faida yake ilikuwa kubwa: dawa yake haikuhitaji kuchanganywa na maji, jambo la maana katika nchi kavu kama Shinyanga.

Tatizo lilikuwa betri zenyewe. Zilipoanza kuisha, kisahani kilizunguka polepole, matone yakawa makubwa na dawa haikuenea. Aliyeendelea kuzitumia zikiwa zimechoka, kwa kubana matumizi, alipoteza dawa iliyokuwa ghali kuliko betri. Mabomba ya leo ni tofauti, lakini somo ni lile lile: kifaa cha umeme ni kizuri kwa kadiri ya betri yake.

Pima kwanza, ndipo uchanganye

Kosa la kwanza la mwenye bomba jipya ni kuchanganya dawa kwa mazoea ya bomba la zamani. Bomba la betri mara nyingi linatoa maji mengi zaidi kwa dakika.

Njia ya kupima ni rahisi. Tia maji safi kwenye bomba la zamani, puliza ndani ya ndoo kwa dakika moja, kisha pima kwa chombo chenye alama za lita. Fanya hivyo hivyo kwa bomba jipya.

Tuseme la zamani limetoa lita 0.6 na jipya lita 0.9. Kwa mwendo ule ule, ekari iliyokuwa ikimaliza mabomba 6 ya lita 16 sasa itamaliza 9. Mkulima akiendelea kutia kila bomba kipimo cha zamani, atatumia dawa mara moja na nusu ya inayotakiwa, au chupa itaisha kabla ya shamba.

Dawa ya pamba hupimwa kwa ekari. Kwa hiyo, soma maelezo kwenye chupa, kisha gawanya kipimo cha ekari kwa idadi ya mabomba utakayotumia. Baadhi ya mabomba ya betri yana kitasa cha kupunguza kasi ya pampu. Yasiyo nacho yanaweza kufungwa nozeli yenye tundu dogo zaidi.

Miezi minane ya hatari

Bomba la betri haliharibikii shambani tu. Mengi yanafia ndani ya nyumba.

Pamba ya Kishapu hupandwa kuanzia katikati ya Novemba, na kazi kubwa ya kupiga dawa huwa kati ya Januari na Aprili. Baada ya hapo bomba linatundikwa ukutani hadi msimu mwingine, yaani takriban miezi minane. Mabomba mengi ya bei nafuu yana betri ya risasi na asidi ya volti 12, ya jamii moja na ya pikipiki. Betri ya aina hiyo ikiachwa bila chaji kwa miezi mingi huganda ndani na kukataa kushika moto tena. Januari mkulima anachaji usiku kucha, na bomba linazima kabla ya ekari moja.

Dawa yake ni nidhamu. Betri ijazwe chaji kabla ya kuhifadhiwa, na ichajiwe tena angalau mara moja kwa mwezi. Betri za litiamu ni nyepesi na hukaa na chaji muda mrefu zaidi, lakini bei yake ni kubwa na chaja yake ni tofauti. Zisichanganywe.

Usafi nao una masharti. Betri na mota kwa kawaida vinakaa chini ya tangi, hivyo bomba lisizamishwe majini. Suuza kwa maji safi, pitisha maji kwenye pampu, na umwage mbali na lambo linalonywesha ng'ombe.

Nafasi kwa wafanyabiashara

Kwa mwenye duka la pembejeo, kuuza bomba peke yake ni nusu ya biashara. Nozeli, mipira, washa, chaja na betri za akiba ndivyo vitakavyotafutwa katikati ya msimu. Fundi mwenye kipima umeme anaweza kumwambia mteja hali ya betri kabla hajanunua. Na penye vijiji visivyo na umeme, kuchaji kwa sola ni kazi ya kipato.

Mwenye ekari moja pengine halazimiki kununua. Anaweza kumlipa kijana mwenye bomba kwa ekari, au majirani wakanunua moja kwa pamoja. Mwenye ekari tatu na zaidi, anayelima pia choroko na mahindi, ana kazi ya kutosha ya kulirudishia bomba gharama yake. Bomba la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe liwe jingine kabisa.

Yapo mabomba yenye betri na mpini wa mkono kwa pamoja. Kwa mazingira ya Mhunze hilo ni chaguo la busara, maana chaji ikiisha katikati ya shamba, kazi inaendelea.

Hata hivyo, hakuna bomba linaloondoa wajibu wa kukagua shamba kila wiki, kuvaa buti, glovu na kifuniko cha pua, na kutumia dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Bega litapumzika, lakini kupima, kukagua na kuchaji vinabaki kuwa kazi ya mkulima mwenyewe.