Benki inapobadili mtandao wa kadi, mteja hujikuta njia panda

Tangu katikati ya mwaka 2025, wateja wa benki ya Capital One nchini Marekani walianza kupokea kwa posta kadi mpya ambazo hawakuziomba. Alama ya Mastercard iliyokuwapo kwenye kadi zao iliondolewa, na mahala pake pakawekwa alama ya Discover. Benki ni ile ile, akaunti ni ile ile na fedha ni zile zile. Hata hivyo, wapo waliogundua kwamba mambo waliyozoea kuyafanya kwa kadi hayaendi tena kama zamani.

Kwa Waafrika Mashariki wanaoishi Marekani, suala hili si la kupuuzwa. Kwa wengi wao kadi ya debiti, yaani ile inayokata fedha moja kwa moja kutoka kwenye akaunti, ndiyo inayotuma karo ya shule kila mwezi Januari, ndiyo inayolipia matibabu ya mzazi kijijini, na ndiyo inayotegemewa kutoa fedha msafiri anapotua Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe. Kadi hiyo ikisita, anayeumia si mwenye kadi peke yake.

Je, kwa nini benki hubadili mtandao wa kadi, na kwa nini badiliko hilo humsumbua mteja kiasi hicho?

Benki na mtandao ni vitu viwili

Watu wengi hudhani kwamba kadi ni ya benki kwa kila hali. Ukweli ni kwamba benki hutunza fedha na kuitoa kadi, lakini ujumbe wa malipo hupita katika mtandao wa kampuni nyingine. Mteja anapoingiza kadi kwenye mashine ya dukani, benki ya mwenye duka huuliza kupitia mtandao kama akaunti ina fedha. Mtandao hupeleka swali hilo kwa benki ya mteja, nayo hujibu ndiyo au hapana. Yote hayo hufanyika katika sekunde chache.

Visa na Mastercard ndiyo mitandao inayofahamika zaidi duniani. Discover ilianza Marekani katikati ya miaka ya 1980, ikiwa kadi ya mkopo iliyoasisiwa na kampuni ya maduka ya Sears. Mwaka 2008 Discover iliinunua Diners Club International, na kupitia Diners Club pamoja na mitandao mingine washirika, kadi zake zikapata njia ya kutumika nje ya Marekani.

Mkataba wa kutumia mtandao hufungwa kati ya benki na kampuni ya mtandao, na aghalabu hudumu kwa miaka kadhaa. Mteja si sehemu ya mkataba huo. Haulizwi unapofungwa, wala haulizwi unapovunjwa.

Ada ndogo, faida kubwa

Sababu ya benki kuhama kwa kawaida ni fedha. Kila kadi inapotumika dukani, mwenye duka hulipa ada, na sehemu kubwa ya ada hiyo huenda kwa benki iliyoitoa kadi. Kwa mteja ada hiyo haionekani, lakini kwa benki yenye mamilioni ya kadi hukusanyika kuwa kiasi kikubwa sana.

Nchini Marekani, sheria ya mageuzi ya fedha ya mwaka 2010 ilikuwa na kifungu kilichopewa jina la Seneta Richard Durbin wa jimbo la Illinois. Kutokana na kifungu hicho, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2011 Benki Kuu ya Marekani iliweka kikomo cha ada ya kadi za debiti kwa benki zenye mali ya dola bilioni 10 au zaidi. Kikomo hicho kilikuwa senti 21 kwa kila malipo, pamoja na asilimia 0.05 ya thamani ya malipo, na senti moja zaidi kwa benki inayotimiza masharti ya kuzuia wizi. Kwa ununuzi wa dola 40, benki kubwa ingepata senti 24 tu.

Lakini kikomo hicho kiliandikwa kwa kufikiria mitandao ambayo benki na mwenye mtandao ni watu tofauti. Pale benki inapotoa kadi na wakati huo huo kuumiliki mtandao wenyewe, ada hiyo haiguswi na kikomo. Hapo ndipo umuhimu wa Discover unapoonekana. Mwezi Februari 2024 Capital One ilitangaza kuinunua Discover, na tarehe 18 Mei 2025 ununuzi huo ukakamilika. Muda mfupi baadaye kadi za debiti zikaanza kuhamishwa kutoka Mastercard.

Kibiashara, hatua hiyo inaeleweka. Benki haihitaji tena kuilipa kampuni nyingine kwa kazi ambayo mtandao wake inaweza kuifanya, na kila malipo yanaweza kuiletea zaidi. Kinachobaki ni swali la mteja: katika hesabu hiyo, yeye amepewa nini?

Si mara ya kwanza

Wakazi wa Uingereza wameyaona haya zaidi ya mara moja. Kadi za Switch, zilizoanza mwaka 1988, ziligeuzwa kuwa Maestro mwanzoni mwa miaka ya 2000. Baadaye benki za huko ziliachana na Maestro na kwenda Visa au Mastercard. Katika miaka ya mwanzo ya 2020, benki za NatWest na First Direct zilihamisha kadi za wateja wao kutoka Visa kwenda Mastercard.

Barani Ulaya, Mastercard yenyewe iliamua kuizika Maestro. Tangu tarehe 1 Julai 2023 benki za Ulaya haziruhusiwi kutoa kadi mpya za Maestro, na zilizokuwa mikononi mwa watu ziliachwa zitumike hadi muda wake uishe. Wateja nchini Ujerumani, Uholanzi na Ubelgiji, ambako alama hiyo ilikuwa ya kawaida, walilazimika kuzoea kadi nyingine.

Kwa nini namba haiwezi kubaki ile ile

Lalamiko linalosikika zaidi ni hili: kama akaunti haijabadilika, kwa nini namba ya kadi ibadilike? Jibu limo katika namba yenyewe. Tarakimu za mwanzo za kadi ni kama anwani. Zinaiambia mashine ujumbe upelekwe mtandao gani na benki gani. Kadi za Visa huanza na 4. Za Mastercard huanza na 51 hadi 55, au katika kundi la 2221 hadi 2720. Za Discover huanza na tarakimu kama 6011 au 65. Benki ikihama mtandao, anwani haiwezi kubaki ile ile, sawa na barua isivyoweza kufika nyumba mpya kwa anwani ya nyumba ya zamani.

Pamoja na namba, tarehe ya mwisho wa matumizi na tarakimu tatu za usalama nazo hubadilika. Hapa ndipo usumbufu unapoanza, kwa sababu watu wengi wameifunga kadi yao na mambo mengi kuliko wanavyokumbuka.

Malipo ya kila mwezi ni ya aina mbili. Aina ya kwanza hutegemea akaunti. Nchini Marekani hutumia namba ya benki yenye tarakimu 9 pamoja na namba ya akaunti, na nchini Uingereza hutumia namba ya tawi yenye tarakimu 6 na namba ya akaunti yenye tarakimu 8. Mshahara unaoingia, na mkopo wa nyumba unaokatwa kwenye akaunti, viko katika aina hii. Havitikiswi na kadi mpya.

Aina ya pili hutegemea namba ya kadi. Bili ya simu, bima ya gari, ada ya televisheni, nauli ya teksi zinazoitwa kwa simu na programu za kutuma fedha nyumbani mara nyingi huhifadhi namba hiyo. Mitandao ya kadi ina huduma za kuwapelekea wafanyabiashara namba mpya bila mteja kufanya lolote, lakini si kila mfanyabiashara amejiunga nazo. Hivyo mteja hujikuta baadhi ya bili zimelipwa na nyingine zimerudishwa, bila kujua mapema ni zipi. Bima ya gari ikikatika kwa namna hiyo, mwenye gari anaweza kuendelea kuendesha akidhani bado amekingwa.

Kadi nje ya mipaka

Kwa msafiri tatizo ni kubwa zaidi. Discover hueleza kwamba kadi zake hupokelewa katika zaidi ya nchi na maeneo 200. Lakini kupokelewa katika nchi si sawa na kupokelewa katika kila mashine ya nchi hiyo. Katika miji ya Afrika Mashariki, alama za Visa na Mastercard ndizo zinazoonekana mara nyingi kwenye mashine za ATM na milango ya hoteli. Mwenye kadi ya Discover hana budi kutafuta alama yenyewe, au ya Diners Club, na mhudumu wa duka anaweza kuikataa kadi hiyo kwa sababu tu hajapata kuiona.

Utumaji wa fedha nao una vikwazo vyake. Kampuni nyingi za kutuma fedha huruhusu mtumaji kulipa kwa kadi ya debiti, na fedha huingia kwenye simu ya mpokeaji, kwa M-Pesa au huduma nyingine, ndani ya dakika chache. Lakini baadhi ya kampuni hizo hupokea Visa na Mastercard pekee. Mtumaji aliyebadilishiwa kadi hulazimika kulipa kupitia akaunti, njia ambayo inaweza kuchukua siku kadhaa. Kwa zawadi ya sikukuu, siku hizo si kitu. Kwa hospitali inayodai malipo kwanza kabla ya upasuaji, ni jambo jingine kabisa.

Lipo pia tatizo la wakati. Kadi mpya hupelekwa kwenye anwani iliyoandikishwa benki, na ya zamani hufungwa baada ya muda. Aliyekwenda kuuguza mzazi Tabora kwa miezi 2 anaweza kukuta kadi iliyo mfukoni imekufa, huku mpya imelala ndani ya sanduku la barua huko Columbus, Ohio.

Hatua za kujikinga

Mteja anayepata taarifa ya badiliko kama hili anaweza kupunguza madhara. La kwanza ni kuisoma taarifa yenyewe na kuandika tarehe ambayo kadi ya zamani itaacha kufanya kazi. La pili ni kuzipitia taarifa za akaunti za miezi 12 iliyopita, si mwezi mmoja, kwa kuwa baadhi ya malipo hufanyika mara moja tu kwa mwaka. Kila malipo yanayotegemea kadi yaandikwe na kupewa namba mpya, au yahamishiwe kwenye akaunti.

La tatu ni kuijaribu kadi mpya kwa kiasi kidogo, dukani, kwenye ATM na katika programu ya kutuma fedha, kabla ya siku ya shida. La nne, kwa anayesafiri, ni kuwa na kadi ya pili ya mtandao tofauti, ikiwezekana kutoka benki nyingine, na kuzihifadhi kadi hizo mahali tofauti. Tahadhari inahitajika pia dhidi ya matapeli, ambao huweza kutumia nyakati kama hizi kupiga simu wakijifanya watumishi wa benki. Kadi mpya haimlazimu mteja kumtajia mtu yeyote namba yake ya siri.

Mteja hana kura katika mkataba wa benki na mtandao. Alicho nacho ni haki ya kuuliza mapema kadi mpya inafanya kazi wapi, na uhuru wa kuhamishia akaunti yake kwingine iwapo jibu halimridhishi. Kwa mtu ambaye familia yake hungoja fedha upande wa pili wa bahari, swali hilo lafaa liulizwe siku taarifa inapofika, wala si siku kadi inapokataliwa.