Arua na Koboko: Lami imefika, maendeleo je?

Neno maendeleo limetokana na kuendelea, yaani kwenda mbele bila kukwama. Kwa msafirishaji wa West Nile maana hiyo si ya kitabuni. Lori linalotembea linaleta faida, lori lililokwama linakula mtaji.

Kwa miaka mingi barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba ilikuwa ya vumbi, na mvua ikinyesha ilikuwa ya matope. Katika muongo wa 2010 serikali ya Uganda, kwa fedha za Benki ya Dunia, iliiwekea lami kilomita zake 92. Inaunganisha mpaka wa Congo huko Vurra na mpaka wa Sudan Kusini huko Oraba, mkabala na Kaya.

Kwa maofisa wa Kampala, hayo ndiyo maendeleo: kilomita zinahesabika. Mfanyabiashara wa Koboko yeye anauliza mnunuzi yuko wapi.

Ana sababu ya kuuliza. Vita vya Sudan Kusini vilianza Desemba 2013, na baada ya mapigano ya Juba ya Julai 2016 vikaenea hadi Yei, kwenye njia hiyohiyo ya Kaya. Lami ilikuwepo, soko la ng'ambo likadorora. Wateja wengi walivuka wakiwa wakimbizi. Kambi ya Bidi Bidi wilayani Yumbe ilifunguliwa Agosti 2016, na mahitaji ya chakula na vifaa yakahamia upande huu wa mpaka.

Tena, maendeleo ya mmoja huweza kuwa hasara ya mwingine. Arua inawakumbuka Opec Boys, vijana waliouza petroli ya magendo kwa majerikeni kando ya barabara katika miaka ya 1990 na 2000. Mafuta yaliyopitishwa Uganda kwenda Congo bila kutozwa ushuru wa hapa yalirudishwa kwa njia za panya na kuuzwa kwa bei ya chini kuliko kituoni. Kwa watoza kodi, hao walikuwa wahalifu. Kwa kijana asiye na kazi, jerikeni ilikuwa ndiyo mtaji wa kwanza. Wateja, bila shaka, hawakulalamika.

Umeme nao una hadithi yake. Arua ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020 ikiwa bado nje ya gridi ya taifa. Mtambo wa maji wa Nyagak, wenye megawati 3.5, ulianza kazi 2012 lakini haukutosheleza, na wenye mashine za kusaga na za kuchomelea waliendelea kununua dizeli ya jenereta.

Gridi ilifika 2024. Mwaka huohuo daraja la Karuma, lililojengwa 1963, lilifungwa kwa matengenezo kuanzia Septemba hadi Desemba. Magari ya West Nile yakalazimika kuzunguka mbali, na gharama ya mzunguko huo ikaishia kwenye bei za dukani.