Mpira wa Mkojo Ukae Siku Ngapi?

Ndugu msomaji, labda siku moja ulifika hospitali ukaambiwa, "Daktari amekwenda mkutanoni." Ukakaa benchini, ukanung'unika moyoni: Wagonjwa tuko hapa, mkutano huo ni wa nini? Swali lako ni la haki. Tutakujibu kwa habari ya ugonjwa mmoja ambao hapa Makobola, na vijijini kando ya ziwa mpaka Baraka, watu huuficha sana, yaani ugonjwa wa mama asiyeweza kuzuia mkojo baada ya kuzaa. Jina lake ni fistula.

Si kansa. Si ulozi. Wala si adhabu ya uzinzi, ingawa wako wanaonong'ona hivyo hata ndani ya kanisa, nao wanamsingizia dada yao. Mama akishikwa na uchungu siku mbili au tatu, na mtoto hapiti, kichwa cha mtoto hukandamiza kibofu juu ya mfupa wa nyonga. Nyama iliyobanwa haipati damu, basi hufa na kutoboka. Mara nyingi mtoto naye huzaliwa amekufa. Siku chache baadaye mama anaona nguo zake zimelowa mchana na usiku. Katika nchi yetu wako pia wanawake waliojeruhiwa hivyo kwa jeuri ya watu wenye silaha. Hospitali ya Panzi, Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 chini ya makanisa ya Pentekoste, imejulikana duniani kwa kuwashona wanawake wa namna hizo zote. Daktari wake Denis Mukwege alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018.

Lakini kushona ni nusu ya kazi. Wavuvi wetu wanajua: mtumbwi uliozibwa ufa hausukumwi majini saa ileile. Vivyo hivyo kibofu kilichoshonwa hakitakiwi kujaa kabla kidonda hakijashikana. Kwa hiyo mgonjwa huwekewa mpira wa mkojo, ili mkojo utoke wenyewe mpaka mfukoni. Basi, mpira huo ukae siku ngapi?

Hapo madaktari hawakupatana. Kila mmoja alifuata desturi ya mwalimu wake: huyu wiki moja, yule mbili, mwingine zaidi. Wala hospitali moja isingeweza kuamua neno hili peke yake. Ukiwashona wanawake kumi, na mmoja kidonda chake kikafunguka, utajuaje kama ni kosa la mpira, au la uzi, au mwili wake ulikuwa dhaifu? Wanatakiwa wagonjwa wengi, wanaotunzwa kwa utaratibu mmoja na kuandikwa kwa daftari moja. Ndiyo sababu madaktari huketi pamoja. Chuo cha Madaktari Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoundwa mwaka 1999, hufanya mkutano wa sayansi kila mwaka, na huko daktari husimama mbele ya wenzake na kuulizwa maswali magumu kuhusu kazi yake.

Kwa swali la mpira, hospitali nane za nchi nane za Afrika zilikubali kufanya kazi moja kuanzia mwaka 2012 hadi 2013. Kongo yetu ilikuwamo, pamoja na Uganda, Kenya na Uhabeshi. Wanawake 524 waliokwisha kushonwa walikubali kuingia, na kura iliamua nani atolewe mpira siku ya 7 na nani siku ya 14. (Usishtuke kwa kura. Si kamari, ni njia ya kuzuia daktari asijichagulie wagonjwa wepesi upande anaoupenda.) Wakaangaliwa miezi mitatu. Kati ya wanawake 250 wa siku 7, kidonda kilifunguka kwa 10. Kati ya 251 wa siku 14, kilifunguka kwa 8. Maana yake, wiki ya pili haikuleta faida ya kutosha kumshikilia mama kitandani. Habari hii ilitolewa mwaka 2015 katika gazeti la madaktari Lancet, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaagiza siku 7 hadi 10.

Unasema, wiki moja ni nini? Muulize mama aliyetoka Makobola akapanda mpaka Bukavu, aliyeacha watoto kwa jirani na mihogo shambani, na ndugu anayempikia hospitalini anaishiwa na pesa. Tena mwingine anangojea kitanda chake. Tena mpira ukikaa sana, vijidudu huufuata mpaka kibofuni.

Angalia lakini: jibu hilo ni la fistula nyepesi iliyoshonwa. Tundu kubwa, au lililoshonwa mara nyingi, daktari ataliamulia mwenyewe. Na mama aliyeanza kuvuja juzi tu baada ya kuzaa, huyo asikae nyumbani akiona haya. Akimbilie hospitali, hata Nundu hapa kwenye njia ya Baraka. Akiwekewa mpira mapema na kuuacha wiki kadhaa, pengine tundu dogo litajifunga lenyewe bila kisu.

Siku moja wewe nawe huenda ukaombwa kuingia katika uchunguzi wa namna hii. Lazima uelezwe kwa lugha unayoisikia vizuri. Uliza yote. Ukikataa, utatibiwa vilevile, na hakuna ruhusa ya kukufukuza.

Na wewe uliyelala na mpira leo: kunywa maji mengi. Mfuko uwe chini kuliko kitanda, mpira usijikunje wala usiulalie. Usiuvute. Ukiona mkojo hautiririki, au shuka limelowa, mwite muuguzi saa ileile, hata usiku wa manane.