Dhana za Dhambi na Toba katika Mahubiri ya Kikristo kwa Kiswahili

Mhubiri wa Kikristo anayetumia Kiswahili hutoa wito wake kwa istilahi zenye asili ya Kiarabu, ambazo Waislamu wa pwani walizitumia kabla ya Biblia kutafsiriwa. Neno dhambi latokana na dhanb, yaani kosa. Toba latokana na tawba, ambayo mzizi wake humaanisha kurejea, sawa na shuv ya Kiebrania. Katika Agano Jipya, neno la Kiyunani metanoia lasisitiza kugeuka kwa nia. Maana hizi zakamilishana: anayetubu hubadili nia, kisha humrudia Mungu.

Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulitilia mkazo sura nyingine: kuungama hadharani. Toba ikawa tukio la jumuiya. Madeni yalilipwa, vilivyoibwa vikarudishwa. Hata hivyo, ungamo likizoeleka laweza kugeuka kuwa ada ya maneno matupu. Kwa hiyo, mahubiri yanayoorodhesha dhambi pasipo kuonyesha njia ya kurejea hupoteza kiini cha toba, na msikilizaji hubaki na hatia bila tumaini.